Leo hakuna aliyesinzia kwenye hadithi yangu

Jamani, natetemeka hadi sasa.

Kidato cha pili wangu huku Uluguru wamezichoka hadithi. Nikisema "Paukwa!" wanaitikia "Pakawa" kama wagonjwa. Nikaweka sheria: msimuliaji hakatizwi, labda uwe na hadithi yako.

Leo nasimulia, naona macho yamewatoka wote. Hakuna anayepiga miayo! Wa mbele wanasogeza madawati nyuma taratibu. Nikajisemea, leo nimewapata. Nikaongeza na sauti ya fisi.

Mmoja kanyoosha mkono. Nikamkata jicho: "Sheria!"

Ndipo Sesilia, mpole kuliko wote, akasimama, midomo ikimcheza.

"Paukwa!"

"Pakawa!" Nikaitikia kwa furaha, si amepata hadithi yake!

"Hapo zamani za kale palikuwa na mwalimu. Juu ya kichwa chake, kwenye boriti, palikuwa na nyoka. Anashuka."

Sikumbuki nilipita mlangoni au dirishani.

Mlinzi kashamuua. Ila watoto walimwona tangu mwanzo wa hadithi, wakanyamaza kwa kuiogopa sheria yangu. Hilo ndilo linanitetemesha.

Walimu wenzangu, nyie mnafanyaje darasa lisisinzie? Kesho nina kipindi tena, na sheria sina.