Mama Waya na Taa za Kapteni

Mama Waya hana mchezo na taa. Mpelekee redio iliyokufa, atakuonyesha duka la jirani kwa kidole. Mpelekee pasi, atakunja uso mpaka ujutie safari yako. Lakini mpelekee pikipiki yenye taa ya njano inayomulika kinyonge, utamwona anafuta mikono kwenye ovaroli na kutabasamu peke yake. Waendesha pikipiki ndio waliompachika jina hilo. Gereji yake ni chumba kimoja kirefu chenye mlango wa bati wa kushusha, na kila mwenye gari la njia mbovu anaijua: wa shambani, wa machimboni, wa magogo. Wote wana ombi moja tu, wang'olewe taa za zamani wafungiwe za LED.

Na usidhani ni kazi ya kila mtu. Wako mafundi, Mungu awasamehe, wanaochomoa balbu ya zamani, wanachomeka mpya, wanapiga honi na kusema tayari. Mama Waya anauita huo uhuni. Balbu ya LED ikikaa vibaya au taa ikielekezwa juu, mwanga unatawanyika ovyo na anayekuja mbele yako anapofuka. Kwa hiyo kazi zake zote humalizikia ukutani. Gari linaingizwa ndani, mlango unashushwa, giza linaingia hata kama ni saa sita mchana. Mwenye gari anakaa kwenye usukani, maana uzito wake nao unalalia springi, na Mama Waya anachora mstari wa chaki ukutani. Mwanga ukiukata mstari ule sawasawa, ndipo anakaza skrubu na kukurudishia ufunguo.

Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kuponyoka ukuta huo, naye ni kaka yake mkubwa.

Huyu watu wanamwita Kapteni. Ana miaka ishirini na sita akiendesha gari la chanjo, lile refu la magurudumu makubwa, linalopeleka masanduku ya dawa hadi kule ambako barabara imekata tamaa. Mwezi mmoja alikwangua nguzo ya geti, na wiki mbili baadaye akaliingiza gari mtaroni. Mkubwa wake wa kazi alimwambia kwa upole kwamba ikitokea mara ya tatu atakabidhi ufunguo, awe anakaa getini kufungulia wenzake. Kapteni akaja kumsimulia dada yake. Kukaa getini kwake ilikuwa sawa na kuzikwa akiwa hai.

"Ni taa, mdogo wangu," alisema. "Taa za hili gari zimechoka."

Mama Waya akamwamini. Angeachaje? Ndiye aliyemfundisha kushika usukani, na isitoshe fundi wa umeme ukimwambia kuna giza, haulizi mara mbili, anafuata waya. Akamfungia LED. Alipotaka kushusha mlango wapime, Kapteni akachukua bisibisi, akasema yeye si dereva wa jana, akapandisha taa mwenyewe. Na kaka mkubwa haamrishwi.

Baada ya wiki alirudi. Afadhali, alisema, ila bado hafifu. Mama Waya akafunga nyingine kali zaidi, akabadilisha na waya ukawa mnene. Kapteni akapandisha tena kidogo, akaondoka. Wiki ya tatu huyo, karudi na wimbo uleule. Lakini safari hii alikuwa na habari njema pia: siku hizi barabara nzima inamheshimu. Kila dereva anayekutana naye anamwashia taa kumsalimia, naye anawajibu kwa kuwaashia zake.

Mama Waya akaweka koleo chini. Akauliza ni wangapi wanaomsalimia.

"Wote," alisema Kapteni, amejaa furaha.

Maskini, watu wa watu walikuwa wamepofushwa, wanaomba huruma! Safari hii dada mtu hakuuliza ruhusa. Alishusha mlango wa bati, akamkalisha kaka yake kwenye usukani na kumwambia awashe. Mwanga ukapiga dari. Akaushusha taratibu, zamu ya kulia, zamu ya kushoto, mpaka ukalala juu ya mstari, umenyooka kabisa. Akauliza kama umefika.

"Mstari uko wapi?" aliuliza Kapteni.

Mama Waya akachukua chaki, akaandika herufi nne ukutani, kila moja kubwa kama ndoo: KAKA. Akamwambia asome. Kapteni akazima taa, wakabaki gizani wote wawili.

"Usimwambie wifi yako," alisema. "Dereva akivaa miwani, watasema amekwisha."

"Nimebadilisha balbu mpaka nimechoka, kaka. Macho yako sina soketi yake."

Akampakia nyuma ya pikipiki iliyokuwa inasubiri kujaribiwa, akampeleka kwa daktari wa macho yeye mwenyewe. Njia nzima Kapteni alikuwa anamwelekeza pa kukata kona, na anakosea.

Miwani ilipotoka ilikuwa minene, yenye fremu nyeusi. Mkubwa wa kazi alimpima siku nzima, barabarani na kwenye mageti membamba, jioni akamwachia ufunguo wake na kumwambia siku nyingine aseme jambo kama hilo mapema. Asubuhi yake Kapteni alikuwa gerejini kabla mlango haujafunguliwa vizuri. Aliingiza gari, akawasha taa, na neno lake la kwanza lilikuwa lawama.

"Huo mstari umepinda."

Kweli ulikuwa umepinda, upana wa kidole. Mama Waya alicheka mpaka akashika ukuta. Akachora mwingine, akageuka, mwanga mweupe ukamkumba usoni, akakinga macho kwa mkono. Alipotazama kwenye usukani, Kapteni alikuwa ameegemea mbele, kifua kimegusa usukani.

"Mbona una mvi?"

"Mwaka wa nne huu," alisema Mama Waya.

Wanakula pamoja kila Jumapili. Kapteni alizima taa, akashuka, akaenda kuuvuta mlango wa bati mpaka juu, jua likaingia lote.

"Njoo hapa mlangoni," alisema. "Nikuone vizuri."