Ada ya Barua Nisizozisoma

Siku niliyopeleka mkungu wa ndizi benki naikumbuka vizuri kuliko siku nyingi zilizo njema, na sipendi kuisimulia. Lakini juzi, mwanangu, ulikaa hapa na ile karatasi yako ya benki, umenuna, ukaniuliza kama ni haki mtu akatwe fedha kwa sababu tu fedha zake hazikutosha. Sikukujibu. Nilisema nimechoka, na kweli nilikuwa nimechoka, maana swali hilo nimekaa nalo tangu enzi za Mwingereza. Leo nitakujibu polepole. Univumilie.

Tulikuwa tunaishi hapa hapa Nkoaranga. Baba alikuwa amefariki, ameniachia mama, shamba la kahawa na mdogo wangu Naomi. Mimi niliishia darasa la nne. Naomi alikuwa amemaliza la nane, tena amechaguliwa kwenda shule ya bweni ya wasichana, mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Upande wetu huu wa mlima alikuwa peke yake mwaka ule. Ada pamoja na vifaa ilikuwa shilingi mia mbili na sitini, na ilitakiwa ifike kabla shule haijafunguliwa. Nilimwahidi mbele ya mama kwamba itafika.

Kahawa wakati ule ililipwa mara mbili. Ukipeleka magunia chama cha ushirika unapata malipo ya kwanza, halafu unasubiri mpaka iuzwe ndipo uletewe malipo ya pili. Miaka ile bei ilikuwa nzuri, na baadhi yetu vijana tulianza kufungua akaunti mjini Arusha ili fedha zetu zipitie huko. Nami nikafungua, nikapewa kitabu cha hundi. Mwanangu, sijui nikuelezeje kiburi cha kile kitabu. Nilikuwa nakitia mfuko wa shati, kichwa chake kichungulie nje, hata nikienda kanisani. Mama alinitazama tu.

Basi nikataka kuezeka nyumba yangu kwa bati, maana nilikuwa natafuta mchumba. Benki nilikuwa na shilingi mia tatu na kumi. Bati dukani kwa Mhindi zilifika mia tatu na themanini. Nikaandika hundi hivyo hivyo. Nilijua zimepungua sabini, lakini nilijua pia kuwa malipo ya pili yako njiani, kama mia tatu na arobaini. Benki wakichukua sabini zao, mimi nabaki na mia mbili na sabini. Ada ya Naomi inatoka, na shilingi kumi inabaki. Hesabu ile nilipiga vizuri sana.

Hundi ikapita. Mwenye duka akaniambia benki wamelipa yote, sina deni kwake. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Unajua desturi yetu ilivyo. Mtu akikulipia palipopungua, iwe dukani au kwenye mahari, hungoji akudai. Unakata mkungu mzuri, unampelekea, mnakaa kidogo, mnaulizana habari za nyumbani, na deni limeshaeleweka bila kutajwa. Atalipwa kahawa ikiuzwa. Hakuna anayeandika kitu, na nyongeza yake ni ule mkungu.

Kwa hiyo nikakata mkungu wa mshare, zile ndizi zetu za kupika, nikashuka nao kichwani kwenye ile njia ya mteremko mpaka barabara kuu, nikapanda lori hadi mjini, nikaingia nao benki. Watu walinitazama. Meneja, Mzungu mmoja mnene mpole, akatoka, akacheka, akanishika mkono, akasema maneno mengi kwa Kiingereza. Mimi nikaitikia tu kwa kichwa. Karani wake, Mgoa aliyejua Kiswahili vizuri, akaniuliza, "Bwana, barua yetu umeipata?"

"Nimeipata," nikasema.

Na kweli nilikuwa nimeipata, kupitia sanduku la posta la misheni. Ilikuwa ya Kiingereza. Nilidhani ni salamu, meneja ananijulisha kuwa amenistahi. Nikaikunja vizuri nikaiweka ndani ya Biblia. Baadaye zikaja nyingine nne, nikaziweka zote humo humo. Naomi alikuwa akiziona mezani. Siku moja aliuliza kama anisomee, nikamwambia haya ni mambo ya benki, aende akasaidie mama.

Malipo ya pili yalipoingia, nikaandika hundi ya ada, nikaituma shuleni kwa posta. Ningeweza kutoa fedha taslimu na kumpa mwalimu mmoja aliyekuwa anaelekea huko. Nilitaka masista walioendesha shule ile waone jina langu kwenye hundi, nakueleza ukweli. Mama akamshonea Naomi nguo za shule. Sanduku lake la bati tukalipaka rangi.

Wiki ya kwenda shule, hundi ikarudi. Shule waliandika kwa Kiswahili, kwa upole kabisa, kwamba benki imekataa kulipa, siku zimepita, na nafasi ya binti wamempa mwingine aliyekuwa akisubiri. Naomi aliisoma mwenyewe, akainuka, akaenda kukata majani ya ng'ombe. Hakulia mbele yetu. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira, nikaapa kwamba benki ile itanitambua.

Nilikwenda na baba mkubwa, Mzee Yona, kaka yake marehemu baba, mzee wa kanisa, mtu asiyependa makelele. Yule meneja mpole alikuwa ameondoka likizo kwao. Tukampata karani.

"Ile ya bati mlilipa, na ilipungua shilingi sabini," nikamwambia. "Hii ya mtoto imepungua ngapi?"

Akafungua daftari. "Tisa."

"Mkaikataa kwa shilingi tisa?"

"Ile ya kwanza ilikuwa hiari ya meneja aliyekuwepo. Hii ilikuwa hiari ya huyu aliyepo." Akanigeuzia daftari. "Ulichukua zaidi ya ulichoweka, bwana. Hiyo tunaiita ovadrafti. Ada yake shilingi tano. Riba shilingi nne. Barua tano tulizokuandikia, shilingi mbili kila moja. Na hii hundi kurudi, shilingi tano."

Nikasimama pale nahesabu upya. Wameniandikia barua kunidai, na barua zenyewe wamenitoza. Wamenitoza kwa kulipa, wamenitoza tena kwa kukataa kulipa.

Mzee Yona akauliza taratibu, "Karani, wewe Kiswahili unakijua. Siku kijana alipokuja na ndizi, kwa nini hukumwambia kwamba msaada huu una bei?"

Karani akatazama chini. "Mzee, nilimuuliza kama barua ameipata. Akasema ameipata."

"Na barua za Kiswahili hamna?"

"Hapana, mzee. Hizo hatuna."

Tukatoka. Nilimtegemea baba mkubwa aungane nami, tuitukane ile benki mpaka nyumbani. Lakini tulipofika stendi akanigeukia. "Benki wamekukosea," akasema. "Wamekubebesha mzigo, bei wakaisema kwa lugha usiyoijua. Hilo nitalisema popote. Lakini wewe nawe umemkosea Naomi. Ulinunua bati kwanza, ukaweka ada yake juu ya fedha ambazo hazijafika. Usilitumie kosa la benki kulifunika la kwako."

Niliona ananionea. Vijana ndivyo tulivyo, na wewe usiniangalie hivyo. Nilikasirika naye mwezi mzima, sikumsalimia vizuri, shikamoo yangu ilikuwa ya mdomoni tu.

Mwaka uliofuata shule hawakumchukua Naomi, walikuwa na wapya wao. Akaolewa Olasiti na mtu mwema, akazaa, akalima, akawafundisha kusoma wanawake wa kanisa lao bila mshahara. Hakuwahi kunilaumu. Siku moja, watoto wake wakiwa wakubwa, nilimtembelea nikamweleza habari yote kwa mara ya kwanza, ile ada, riba, zile barua tano. Nilitaka aniambie kwamba benki walikuwa wezi. Nafikiri nilitaka hivyo kwa miaka yote ile.

Aliendelea kupepeta mahindi yake. Halafu akasema, "Kaka, Kiingereza mimi nilikuwa nakijua. Ungenipa ningekusomea."

Basi. Akaniletea uji.

Sasa nikujibu, mwanangu. Je, ni haki? Mtu akikupa kilicho chake lazima apate kitu, hata mimi nilipeleka ndizi, kwa hiyo sisemi benki ifanye kazi bure. Lakini bei ya msaada itajwe kabla hujaupokea, tena kwa lugha unayoielewa. Ikitajwa baadaye, ndani ya barua ambayo nayo unatozwa, hiyo si haki, na nitasema hivyo mpaka nife. Nenda kawaambie. Gonga meza ukitaka, mimi mikono yangu haina nguvu tena ya kugonga.

Ila kabla ya kwenda, kaa chini uangalie ile fedha ulipoichukua zaidi ulikuwa unanunua nini, na nani nyumbani alikuwa anaingoja. Fedha ambayo haijafika usimwahidi nayo mtu. Ada ya mtoto itoke kwanza, bati zitangoja, na hata mchumba atangoja. Usiionee aibu karatasi usiyoielewa. Mpe mwenye kujua akusomee, hata kama ni mdogo wako, hata kama ni msichana aliyeshika jembe, tena mpe siku hiyo hiyo inapofika. Mimi nilishindwa kutoka chumba kimoja kwenda kingine ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Mungu akupe riziki ya halali na akili ya kuitumia. Akupe mdomo wa kuuliza ungali kijana. Na wale wanaokutegemea, mwanangu, akujalie usije ukawa na neno la kuwaeleza uzeeni.