Nani Ataokota Mipira

Mwaka ulikuwa 2024, mwezi wa Agosti, katika ile baridi ambayo ukungu wa Ruiru hauinuki kabla ya saa nne, nami nilikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Mjukuu wangu wa miaka kumi na mmoja alikuwa amepata nafasi katika kambi ya tenisi ya likizo huko Ruiru, wiki mbili kuanzia Jumatatu tarehe 5. Tulitoka nyumbani, mtaa wa Landless, Thika, kila siku saa kumi na mbili asubuhi, yeye akiwa amekumbatia raketi aliyoazimwa na shule yake.

Watoto waligawanywa katika ngazi tatu. Ngazi nyekundu ilikuwa ya wanaoanza, na mipira yao ni laini. Ya kijani ilikuwa ya walioushika mchezo kidogo, na ya manjano ya wale wanaojiandaa kwa mashindano. Mjukuu wangu aliwekwa nyekundu, nami sikuteta. Hakuwa ameweza kuuvusha mpira juu ya wavu mara tatu mfululizo. Asiyejua huanzia pale asipojua. Mimi mwenyewe niliingia darasa la ngumbaru mwaka 2003, nikiwa na miaka arobaini na miwili, nikaanzia na a, e, i, o, u pamoja na wazee walioshika kalamu kama mpini wa jembe.

Siku tatu za kwanza nilimwacha langoni nikaenda Mwiki kwa mdogo wangu. Alhamisi tarehe 8 manyunyu yalinizuia, nikaketi kwenye mabenchi ya wazazi. Saa mbili unusu watoto wa ngazi nyekundu walianza kupiga mipira. Baada ya dakika ishirini na tano, kocha alipuliza filimbi, na wote wakaweka raketi chini na kukimbilia uwanja wa ngazi ya manjano. Nilidhani wanakwenda kutazama. Walikwenda kuokota mipira. Waliiokota hadi saa sita kasoro, wakiinama na kuinuka, huku wenzao wakipiga bila kugeuza shingo. Msichana mmoja mrefu aliita, "Wewe wa Landless, mpira!" Mjukuu wangu akakimbia.

Marehemu mume wangu, aliyefariki tarehe 12 Machi 2015, alikulia katika shamba la kahawa nje ya mji huohuo wa Ruiru. Utoto wake wote aliokota mipira katika klabu ya wenye shamba, na hakuruhusiwa hata siku moja kushika raketi. Alikuwa akisema kwamba anajua uzito wa mpira lakini uzito wa raketi hataujua. Nilikaa kwenye benchi lile nikimtazama mjukuu wake akipewa kazi ileile, na safari hii tulikuwa tumejaza fomu kuiomba.

Nilimfuata kocha, kijana mwenye adabu na kofia safi.

"Shosh, hiyo ni sehemu ya mazoezi," aliniambia. "Inawafunza nidhamu."

"Na wa manjano wanafunzwa nidhamu saa ngapi?"

"Hao wana mashindano, shosh. Muda wao ni mfupi."

"Wa mjukuu wangu umerefushwa na nani?"

Mama mmoja aliyeketi karibu, mwanawe akiwa manjano, alicheka. "Lakini mama, si kila mtu alianzia hapo?"

"Wako alianzia hapo?"

"Wangu alikuwa na mwalimu wa nyumbani," alijibu, kisha akatazama simu yake.

Usiku ule nilimkumbuka mwalimu wetu wa ngumbaru. Kwa miaka mitatu nilikuwa wa mwisho darasani, na katika miaka hiyo mitatu hakuniambia hata mara moja nifute ubao kwa niaba ya wanaojua. Ijumaa tarehe 9 niliandika barua kwa kamati ya kambi, kurasa mbili, nikaipeleka kwa mkono wangu. Niliomba jambo moja: kila ngazi iokote mipira yake.

Jumatatu tarehe 12 kocha alinivuta kando. "Shosh, tuyamalize. Tumpandishe kijani. Huko hawaokoti."

Mjukuu wangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwetu, na nikaona uso wake ukifunguka.

"Hajafika kijani," nilisema. "Na ukimtoa yeye, wale wenzake kumi na mmoja wataokota na sehemu yake."

Mjukuu wangu alinitangulia njia nzima hadi nyumbani. Mlangoni ndipo alipotamka, bila kunitazama, "Cucu, ungekubali tu. Sikuwa nimekutuma." Maneno hayo yalinichoma, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Nilimpakulia chakula, naye akala kidogo akaenda kulala. Siku iliyofuata aliokota mipira kama kawaida, na kila alipopita mbele ya benchi langu aligeuza uso.

Kamati iliketi Jumatano tarehe 14, saa mbili unusu, chini ya hema kando ya uwanja. Wanakamati walikuwa wanne, nasi tuliitwa, mimi na kocha. Mwenyekiti alisoma barua yangu kwa sauti, akauliza kama kuna kanuni yoyote inayowapa watoto wa nyekundu kazi hiyo. Kocha alikiri kuwa haipo. Ilikuwa desturi tu, na hakuna aliyejua ilianza lini. Mimi nilijua, nikawaeleza habari za mume wangu na klabu ya wenye shamba. Wakaamua: kuanzia siku hiyo kila ngazi itaokota mipira yake, na uamuzi utabandikwa langoni.

Kutoka hemani nilimwona mjukuu wangu ng'ambo ya wavu. Kocha alikuwa ametoka na kupuliza filimbi, lakini raketi ilikuwa bado mkononi mwa mjukuu wangu. Alinitazama, akamtazama kocha akiwapelekea wa manjano kikapu kitupu, akarudi kupiga. Mpira wake uligonga wavu.

Ilibaki kuutia uamuzi sahihi. Katibu, mwanamke mpole, alinisogezea kidau cha wino wa muhuri.

"Shosh, weka tu kidole hapa. Inatosha."

Barua yangu ya kurasa mbili ilikuwa mezani, mbele ya mkono wake. Nilikirudisha kidau kile upande wake, nikatoa kalamu yangu mkobani, nikaandika majina yangu yote matatu. Kisha nikaandika tarehe, maana yeye alikuwa ameisahau.