Hodi kwa Mugumo

Nilipokuwa mtoto wa umri wa kutumwa chumvi kwa jirani, nyuma ya nyumba zetu palikuwa na mugumo, mti mtakatifu wa Wakikuyu, na hakuna aliyejua ni wa nani. Nyumba zilikuwa na namba, bomba la maji lilikuwa na zamu, hata kamba za kuanikia nguo zilikuwa na wenyewe. Mti ule haukuwa na mwenyewe. Wazee walisema ulikuwepo kabla ya mtaa, na kwamba waliojenga nyumba zile zamani za mkoloni waliukwepa kwa sababu vibarua waligoma kuugusa. Huenda ni kweli, huenda ni porojo za Eastlands ya Nairobi, ambako hata mtaro una hadithi yake.

Sisi watoto tulikuwa na yetu. Tulisema msichana akiuzunguka mugumo mara saba anageuka mvulana. Ndugu zangu wa kiume walikuwa wanacheza mpira huku mimi naosha sufuria, nikaona bora nijaribu bahati yangu, lakini nilipofika mara ya sita niliingiwa na woga nikakimbia nyumbani.

Baba hakupenda hadithi hizo. Alikuwa msimamizi wa stoo katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, mtu wa kwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu, na viatu vyake viling'aa safari zote mbili. Alikuwa ameokoka, tena ameokoka kwelikweli. Hakutaka kusikia habari za bundi, wala jicho baya, wala mti wenye mizimu. Lakini alikuwa mpole. Mimi nilipewa jina la mama yake, Wairimu, kama ilivyo desturi yetu kwa binti wa kwanza, na kwa hiyo aliniita Mami. Alipokosana na mama yake wa kweli, alikuja kunilalamikia mimi. "Mami, mbona wewe ni mgumu hivi?" Nami nilijibu kwamba nitajirekebisha.

Mwaka huo, miaka ya sabini ikielekea kwisha, mvua ya masika ilinyesha kana kwamba ina kisasi na sisi. Tawi moja la mugumo, nene kuliko kiuno cha Mama, lilikuwa limetanda juu ya paa letu, juu ya kile chumba tulicholala sisi watoto. Lilishiba maji likaanza kuinama. Upepo ukivuma tulilisikia likikwaruza vigae. Baba alianza kuamka usiku kuja kusimama mlangoni kwetu. Siku moja akasema basi, Jumamosi atalikata.

Shosho, huyo mama yake Baba niliyepewa jina lake, alifika Ijumaa kutoka Murang'a, mgongoni ana kiondo cha ndizi. Hakuwa amekaa hata kunywa chai alipoiona ngazi ya kuazima imelazwa uani.

"Kamau, unakata mugumo?"

"Nakata tawi, Maitu," Baba alimjibu. Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikuyu. "Mti wenyewe nauacha."

"Umeusalimia?"

Baba akacheka. Shosho hakucheka. Baba yake ndiye aliyekuwa akiitwa kijijini kwao mti mkubwa ukitishia nyumba ya mtu, na yeye alikua akimtazama akifanya kazi hiyo. Akaeleza huku ameshika kikombe asichokinywa. "Leo unaegemeza fimbo kwenye shina, ilale hapo, waliomo wahamie kwenye fimbo. Kesho unaibeba unawapeleka kwa mti mwingine. Watoto wasiwe katika nyumba hii unapokata. Na msumeno usiingilie juu kama mwizi wa paa. Unaanza chini ya tawi, unabisha hodi, unakata mpaka mti uanze kukushika mkono. Ndipo unakwenda juu. Na usikate karibu na shina kabisa, uachie mti ukosi wake, ule uvimbe tawi linapotokea, ili ufunge kidonda. Usipobisha chini, Kamau, mti utajibu."

"Kwa nini chini, Shosho?" niliuliza.

"Ndivyo baba yangu alivyofanya. Na alikufa mzee, kitandani kwake."

Hilo ndilo jibu alilokuwa nalo, na nimelifikiria maisha yangu yote. Baba akamwambia kwa upole kwamba nyumba hii ni ya Yesu, kwamba mti ni kuni ambazo bado hazijakauka, na kwamba mashetani hayaombwi ruhusa. Ni kama Shosho alikuwa amefunga vitu viwili, imani na ufundi, katika leso moja, na Baba hakuifungua kuangalia. Aliitupa kama ilivyokuwa, fimbo pamoja na hodi, pamoja na ukosi.

Asubuhi tulikuta fimbo imeegemezwa kwenye shina. Hatukuuliza ni ya nani. Baba aliiondoa, lakini hakuivunja. Aliisimamisha nyuma ya mlango, akafunga kamba za viatu vyake, akatoka.

Mama naye, bila kusema neno, alitutoa nyumbani sote akatupeleka kwa Mama Nekesa, nyumba ya kando. Mama alikuwa ameokoka kama Baba, lakini alikuwa mama. Nilisimama dirishani, ambako mti na mlango wetu wa uani vilionekana. Shosho alikaa kizingitini petu, mgongo kauelekeza kwenye mti, anaambua maharagwe. Baba Nekesa, jirani yetu kutoka upande wa Kakamega, mtu wa reli na rafiki mkubwa wa Baba, ndiye aliyeshika ngazi. Majirani walikuja kutazama, kama kawaida. Eastlands huwezi kupigilia msumari bila mashahidi.

Baba alipanda akapotelea kwenye majani. Miguu yake tu ndiyo ilionekana. Kwa muda hatukuona kitu, tulisikia tu msumeno ukikwaruza polepole. Kisha Baba Nekesa akapaza sauti, maana onyo la Shosho lilikuwa limeshaenea mtaa mzima.

"We Baba Wairimu! Ushabisha hodi huko ama bado?"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Sauti ya Baba ikatoka ndani ya majani, nayo inacheka.

"Hakuna mtu hapa, bwana!"

Ndiyo maneno ya mwisho niliyomsikia akisema. Msumeno ukalia tena, sasa kwa nguvu, utomvu mweupe ukadondoka kwenye kofia ya Baba Nekesa, naye akaruka kando akisonya huku mkono mmoja umeshika ngazi. Kisha ukasikika mlio ambao sijapata kuusikia tena, na siombi kuusikia. Tawi halikukatika. Lilichanika. Lilipasuka katikati kuelekea kwenye shina, likashuka na ukanda wa gome na nyama ya mti, na upande wake mmoja ukavunja vigae vya chumba chetu, juu ya kitanda ambacho Mama alikuwa amekiacha kitupu. Upande wa pili ukarudi nyuma kwa nguvu, ukaikuta ngazi, Baba akiwa juu yake.

Baba alifariki hospitalini siku hiyohiyo, kabla jua halijatua.

Mtu aliyeleta habari kutoka hospitali alimkuta Shosho bado yuko kizingitini, sufuria ya maharagwe miguuni. Alimwambia pole, mama, mwanao hayupo. Shosho akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Alianza chini au alianza juu?"

Mama alikuwa nyuma yake. Nilimsikia Mama akilia siku hiyo kwa namna nyingi, lakini kilio alichokitoa kwa swali lile kilikuwa cha hasira. "Mtoto wako amekufa, na unauliza msumeno! Ulitaka ushinde? Haya, umeshinda!"

Tulimzika Baba Murang'a, Mama upande mmoja wa kaburi na Shosho upande wa pili, na hawakupeana mkono. Mtaani maneno yaligawanyika. Wengine walisema mugumo umechukua chake. Wengine, na hao ndio waliotuumiza zaidi, walisema mama mzazi ndiye aliyemlaani mwanawe kwa kudharauliwa. Onyo likitimia, watu humgeukia aliyelitoa. Shosho aliondoka makaburini ameshika ile fimbo, maana mtu alikuwa ameibeba kutoka nyuma ya mlango wetu, na hakukanyaga tena Nairobi.

Gogo la lile tawi lilibaki nyuma ya nyumba. Hakuna aliyethubutu kulichoma, kwa kuwa kuni za mugumo haziingizwi jikoni, na kwa mara ya kwanza hata waliookoka hawakubisha. Likageuka kiti cha wavulana wa mtaa. Kule juu kidonda cha mti kilibaki wazi, kirefu kama mlango, na hakikufunga. Baba Nekesa hakulikalia gogo lile hata siku moja. Alikuwa mcheshi kuliko wote mtaani, na nilikua nikimwona akipita kimya, kofia mkononi.

Mwaka uliofuata bomba lilipasuka uani, na waliokuja kuchimba wakatuomba tulisogeze gogo. Tulilisukuma sisi watoto na wanaume wawili. Lilibingirika, na upande uliokuwa umelala ardhini ukatazama juu. Nilijua ni upande wa chini wa tawi, kwa sababu ule ukanda wa gome uliochanika kwenye shina ulikuwa unaanzia hapo. Na hapo, mbele kidogo ya ukanda, palikuwa na mchanjo. Umenyooka, wa meno ya msumeno, umeachama kidogo kwa mwaka wa kukauka. Ufa uliolipasua tawi ulikuwa umepita juu yake bila kuugusa.

Nilitia kidole changu cha shahada. Kiliingia mpaka mwisho wa ukucha, kikagota.

Nilikimbia kumwita Mama. Alikuja na mikono yenye unga. Aliinama, akatia kidole chake mahali nilipotia changu, akakaa vilevile, ameinama, muda mrefu, mpaka wale wachimbaji wakaacha kuchimba wakamtazama.

Mpaka leo sijui sawasawa kilichotokea ndani ya yale majani, ila nadhani najua. Nadhani Baba alipofika juu, mahali asipoonekana na mtu, alimkumbuka mama yake. Alipeleka msumeno chini ya tawi, akaanza kubisha hodi. Kisha kicheko chetu kikamkuta huko, mkono uko chini. Akaona haya. Akacheka nasi, akauhamisha msumeno juu.

Jumamosi iliyofuata Mama alivaa nguo yake ya kanisani, tukapanda basi la Murang'a. Tulipofika alisimama langoni.

"Nenda umwambie wewe," alisema. "Wewe ndiwe jina lake."

Nilimkuta Shosho nyuma ya nyumba akipalilia. Alikuwa amekonda. Ile fimbo ilikuwa imeegemezwa kwenye mti mkubwa wa pale mpakani, na mvua ilikuwa imeshaibadilisha rangi. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nilianza na jibu la swali lake.

"Alianza chini, Shosho."

Alisimama na jembe mkononi.

"Tumeona alama. Ni ndogo. Inaingia hivi." Nikamwonyesha kwenye kidole.

Alilaza jembe, akaja, akakishika kile kidole. Akakipima kwa kidole gumba, kutoka ncha mpaka mwisho wa ukucha, akakipima tena.

"Hivi?"

"Hivi."

"Basi alinisikia," alisema. Ndipo akalia, kilio ambacho hakukilia kaburini. Alilia ameshikilia kidole changu, nami nililia kwa sababu yeye analia. Alipomaliza alijifuta kwa leso na kutazama langoni.

"Mama Wairimu," aliita, "ingia. Unasimamaje huko kama mgeni?"

Mama akaingia.

Sasa nina nywele nyeupe, na nimeona miti mikubwa ikikatwa matawi na watu wanaoijua kazi. Najua kwamba tawi zito likikatwa kutoka juu peke yake, uzito wake hulichana kabla msumeno haujamaliza, na linapochanika huja na gome na kurudi lilikotoka. Najua kwamba mkato wa chini ndio unaouzuia mchaniko, ukiingia vya kutosha, mpaka mti uanze kuukamata msumeno. Kuukamata msumeno, kukushika mkono, ni neno lilelile. Shosho alilijua jambo bila kujua sababu yake, na Baba alitaka sababu, hakupewa, akalikataa jambo. Hakuna kati yao aliyekuwa mjinga. Lakini walikuwa mama na mwana, na kati ya mama na mwana watu hawaulizani vya kutosha.

Mashetani sijui. Sijawahi kuyaona kwenye mti. Nilichokiona ni mtu mzima akiona haya kumtii mama yake mbele ya watu, na haya hiyo ikamuua. Nami nilikuwa dirishani, nacheka na wenzangu, mtoto asiyejua anachocheka.

Nina mti uani kwangu, mkubwa, unaoegemea kwa jirani. Kila fundi akija kuupunguza matawi nawatoa watoto, nawatoa na wa jirani. Kisha nasimama mbali namwambia aanze chini. Vijana wa plotini husimama kutazama, na siku zote hakosi mmoja wa kuuliza kwa sauti kama shosho anasalimia mti. Wanacheka. Fundi naye hutabasamu, mkono wake ukapunguza kasi.

"Waache wacheke," namwambia. "Wewe ingia zaidi. Hapo bado ni ukucha tu."