Titi Alilolikataa

Alasiri moja mtaani Iftin, Garissa, nilikaa kibarazani na majirani tukinywa chai, mwanangu wa karibu miaka miwili akininyonya.

Jirani mmoja mtu mzima alimtazama kwa muda. “Abaayo, dada yangu, huyu anaharisha tangu juzi. Uko na mimba? Maziwa ya mimba ni sumu kwa mtoto.”

“Sina! Na nitamnyonyesha mpaka atimize miaka miwili, kama dini inavyosema. Niacheni!”

Mwanangu akaachia titi, akakunja uso, akatema. Nikamrudisha, akanisukuma huku akilia.

Yule jirani alimfuta mdomo kwa shali yake, taratibu, kisha akaitupa kwenye beseni la nguo chafu lililokuwa kibarazani, kana kwamba imeshika sumu. Ndipo nikakumbuka kwamba mwezi ule sikuwa nimeona siku zangu.