Baba Fulani ni Wengi

Jina langu sitaliandika. Linabebwa na watu wengi, na wengi wao hawajanikosea lolote. Popote litakapohitajika nitaandika Fulani.

Kwetu magharibi mtoto huitwa kwa majira aliyozaliwa. Kuna majina ya mvua, ya mavuno, ya kiangazi. Langu ni la njaa. Babu, aliyemzaa baba, alizaliwa mwaka ambao watu walichemsha mizizi, wakampa jina hilo ili wasisahau. Mimi nilizaliwa Nairobi, mwezi wa saba, na mama husema mwaka huo gunia la mahindi kutoka nyumbani lilikaa chini ya kitanda hadi likaingia wadudu. Sikuzaliwa katika njaa yoyote. Nilirithishwa tu, kama koti la marehemu.

Mowlem, mtaa wa Nairobi tulipokuwa tukikaa, kila ploti ya kupanga ilikuwa na Fulani wake. Mlinzi wa geti letu alikuwa Fulani. Kiamaiko, machinjioni, kulikuwa na mchunaji mbuzi aliyeitwa hivyo, na kila akiniona alipaza sauti akiwa na kisu mkononi, "Wajina! Umekula?" Watoto wa mtaa walipojua maana ya jina, basi. "Niaje, Njaa? Njaa akiingia kwenu ficheni sufuria!" Darasa la nne tulikuwa watatu, na mwalimu wa hesabu, aliyechoka kuuliza Fulani yupi, akatugawa kama mikondo ya darasa: Njaa A, Njaa B, Njaa C. Mimi nilikuwa Njaa B. Nilinung'unika, nikaambiwa nishukuru si C.

Lakini jina la mtoto Nairobi lina kazi kubwa kuliko kumwita mtoto. Linawafunika wazazi. Mama alipofika mjini alikuwa na jina lake, lakini nilipozaliwa lile jina likabaki kwenye kitambulisho na kadi ya kliniki, naye akawa Mama Fulani. Ukimwita kwa jina la ubatizo aligeuka polepole, kana kwamba umemuulizia mtu aliyehama. Ukisema "Mama Fu—" alikuwa ameshaitika. Nilikuwa mtoto wake wa pekee kwa miaka tisa kabla dada yangu hajazaliwa. Katika miaka hiyo yote sikumsikia akijitambulisha kwa njia nyingine, kanisani, sokoni, wala mbele ya mwalimu mkuu. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba mimi ndiye niliyempa mama yangu jina, na kwamba hicho ndicho kitu kikubwa nilichowahi kumpa mtu. Bado naamini hivyo. Ndiyo maana naandika haya.

Baba alifanya kazi mtaa wa Baba Dogo, katika kiwanda cha ndoo na beseni za plastiki. Wiki moja alikuwa na shifti ya mchana, wiki inayofuata ya usiku. Wiki ya usiku hakurudi nyumbani. Alisema alfajiri si wakati wa mtu kuvuka Dandora peke yake, na kwamba kuna mfanyakazi mwenzake aliyempa godoro karibu na kiwanda. Hakuna aliyebisha, maana njia ile tuliijua kwa wezi wake. Jumamosi alikuja na ndoo iliyotoka vibaya kwenye mashine, moja ya zile ambazo kiwanda kiliwaachia wafanyakazi. Nyumba yetu ilijaa ndoo zilizoinama upande, na mama alizisimamisha kwa kuweka vijiwe chini.

Siku moja mwanamke aliyeuza mboga getini alimwambia mama, "Mama Fulani, jana nilikuwa Lucky Summer, kule karibu na Baba Dogo, nikasikia mtu akiitwa Baba Fulani. Kwa mgongo, ni mzee wako kabisa."

Mama alicheka hadi akashika ukuta. "Dada, Baba Fulani ni wengi! Rusha jiwe Lucky Summer uone kama hutampiga mmoja."

Nami nilicheka. Tulikuwa tunacheka ukweli mtupu.

Wiki ya Krismasi ya mwaka uleule wa Njaa B, baba alinichukua twende Kiamaiko kununua kichwa cha mbuzi cha supu. Tulipita kwenye meza za wanawake wanaouza matumbo. Mmoja wao akaacha kuosha, akajipangusa mikono kwenye aproni.

"Baba Fulani! Habari ya siku nyingi? Fulani anaendeleaje na kile kikohozi?"

"Anaendelea vizuri," baba akasema. "Amepata nafuu."

Sikuwa na kikohozi. Lakini niliona mzazi amejibu, na mtoto mwenye adabu hamkanushi mzazi mbele ya watu. Basi nikakohoa kidogo, ili asionekane mwongo. Yule mama akainamisha uso kunitazama.

"Na huyu?"

"Huyu ni wa nyumbani," baba akasema, akanivuta mkono tukaendelea.

Wa nyumbani. Nilitembea kurudi Mowlem nikiwa nimebeba kichwa cha mbuzi kwenye mfuko na maneno hayo kifuani. Baba hakuwa mtu wa kusifu. Kunitambulisha hivyo mbele ya watu, kwamba mimi ni wa nyumbani, niliona ni sifa kubwa. Sikumwambia mama. Nilitaka iwe yangu peke yangu.

Nilipomaliza kidato cha nne sikukaa. Nilijifunza kupaka rangi na nikafuata kazi zilikokuwa: Nakuru, Malaba, Kitale, Voi. Sijui kwa nini mwili wangu haukubali mahali. Hata hivyo kila nilipolala katika nyumba ya watu ambayo bado inanuka rangi mbichi, nilikuwa na hakika ya jambo moja, kwamba kule Mowlem kuna mwanamke ambaye majirani wanamwita kwa jina langu mara ishirini kwa siku. Mtu anaweza kuzurura akijua jina lake limekaa mahali.

Baba alikufa nikiwa Voi. Dada yangu alinipigia simu, kisha siku mbili baadaye akanisomea tangazo la mazishi lililotumwa na baba mdogo, ambaye ndiye aliyesimamia mambo yote kule nyumbani. "Ameacha mjane, Mama Fulani, na watoto: Fulani na wengine."

"Na wengine!" dada akasema. "Umesikia? Miaka yote nimewafulia, nimewapeleka hospitali, wewe uko huko na brashi yako, halafu mimi ndio 'na wengine'!"

Nilimwambia ni makosa ya mpiga chapa. Sikuona kosa lingine. Sasa najua kwamba siku hiyohiyo, Lucky Summer, kuna watu walioshika karatasi ileile, wakajisoma ndani yake, wasione kosa lolote.

Siku ya kuzika, kule nyumbani magharibi, mzee wa kanisa aliyeshika kipaza sauti alisema, "Sasa tunamwita mjane, Mama Fulani, aje aweke shada."

Mama akasimama. Katika hema la upande wa pili, mwanamke aliyefunga kitambaa cheusi akasimama pia. Nilidhani ni ndugu anayemsindikiza. Walitembea kila mmoja kutoka upande wake hadi wakakutana kaburini, na shada lilikuwa moja.

"Akina mama," mzee akasema, "tumemwita Mama Fulani."

"Ndiye mimi," akasema mama.

"Ndiye mimi," akasema yule mwingine. Hakusema kwa ugomvi. Alisema kama mtu aliyeitikia jina hilo maisha yake yote.

Watu wakacheka. Ile ni sehemu ambayo kila boma lina Fulani, na mcheshi mmoja nyuma akapaza sauti, "Fulani yupi? Semeni namba ya kitambulisho!" Kicheko kikaongezeka. Kisha baba mdogo akainuka, akachukua kipaza sauti.

"Msicheke. Wote ni wake. Waweke pamoja."

Waliweka pamoja, kila mmoja ameshika upande. Nilikuwa karibu, nikaona vidole. Mama ndiye aliyeachilia kwanza.

Baada ya watu kuanza kula nilimfuata baba mdogo. Nilimuuliza alijua tangu lini.

"Tangu mwanzo," akasema, akichagua mfupa kwenye sahani. "Kijana wangu, keti. Babu yako alitaka jina lake lisimame katika kila nyumba ya mwanawe. Hiyo ni desturi, hakuna dhambi. Na baba yako alikuwa mtu wa akili. Ulimi hauna mfupa. Ukiwa na nyumba mbili na majina mawili, siku moja utaita huku jina la kule. Yeye alikuwa na jina moja. Akiitwa Baba Fulani njiani, anaitika, nani atamshika?" Akatikisa kichwa kwa mshangao. "Miaka arobaini! Hakuteleza hata mara moja."

Alikuwa anamsifu. Nilielewa hapo, nikiwa nimesimama na sahani ambayo sikuila, kwamba sikupewa jina kwa sababu ya babu wala kwa sababu ya njaa. Nilipewa ili mtu asishikwe.

Yule mwenzangu, Fulani wa nyumba ya pili, alikuja mwenyewe. Alikuwa mrefu kunishinda, mwenye masikio ya baba.

"Niaje, wajina," akasema.

"Poa."

Akavuta viti viwili, tukaketi mezani. Kisha akasema, "Mathe wangu hakuwa anajua. Apana kabisa. Mzee alituambia Mowlem kuna familia ya ndugu yake. Kuna siku alikuonyesha kwa shangazi yangu, dada ya mathe, yule alikuwa anauza matumbo Kiamaiko. Akasema wewe ni wa nyumbani. Kwetu ndivyo tulikuita, kijana wa nyumbani."

Nilimuuliza kama alikuwa na kikohozi alipokuwa mdogo.

"Pumu," akasema, akatoa mfukoni kile kidude cha kuvuta dawa, akanionyesha. "Hadi leo. Kwa nini?"

"Si kitu."

"Na nyinyi mlikuwa na hizo ndoo? Zenye hazisimami?"

"Tulikuwa nazo."

Alicheka kidogo, akatoa kitambulisho chake, nami nikatoa changu, tukaviweka juu ya meza kama watu wanaocheza karata. Majina ya ubatizo yalikuwa tofauti, na hayo hakuna aliyewahi kutuita. Mengine yalikuwa sawasawa. Yeye alizaliwa mwezi wa tatu, mimi wa saba, mwaka mmoja. Njaa A alikuwa Lucky Summer.

Tulirudi Nairobi na mama. Nilikaa naye Mowlem wiki mbili, muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa tangu nitoke shule. Nilipaka ukuta wa jikoni. Alipika, akala kidogo, akazipanga zile ndoo kwenye roshani, kisha siku moja akamwita mlinzi, siye yule wa zamani, akampa zote.

Asubuhi iliyofuata maji ya mfereji yalirudi. Jirani wa chini, ambaye amekuwa rafiki yake tangu nikiwa na meno ya utoto, alipaza sauti kama kawaida, "Mama Fulani! Maji!"

Mama alikuwa amekaa mezani, kikombe mkononi. Hakuinuka.

"Mama Fulani! Wee, Mama Fulani, maji yataisha!"

Nilimtazama. Nilikuwa nangoja aitike. Sijawahi kungoja kitu hivyo. Mara ya tatu akaweka kikombe, akaenda kwenye roshani, akashika ukingo.

"Mama Fulani yuko Lucky Summer," akasema kwa sauti ambayo ploti nzima ilisikia. "Hapa usimwite tena. Mimi ni mama wa huyu msichana wangu." Akataja jina la dada yangu, la yule aliyeandikwa "na wengine". "Niiteni hivyo. Anayeshindwa, asiniite."

Yule jirani, kwa sauti ndogo, akaita tena, kwa jina jipya. Mama akaitika.

Aliporudi ndani nilimwambia, "Mama, na mimi je?"

Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Wewe jina lako unalo. Hakuna aliyekunyang'anya. Ni mimi nimetoka ndani yake. Nilikaa humo miaka yote nikidhani ni nyumba yangu, kumbe nilikuwa mpangaji, na kuna mpangaji mwingine, na tumepewa ufunguo mmoja."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi si baba. Kwamba jina hilo kwangu lilikuwa yeye. Lakini alikuwa ameshachukua mtungi, anashuka kuteka maji. Nami, kama kawaida yangu, jioni nilikuwa kwenye basi la Kitale.

Sikurudi kwa mwaka mmoja na nusu. Niliporudi, geti la ploti lilikuwa limebadilishwa, chuma kipya, na mlinzi alikuwa kijana asiyenijua. Nilimwambia namtafuta Mama Fulani.

"Mama Fulani?" Alifikiri, akatikisa kichwa. "Hapa hakuna mtu kama huyo, mzee. Labda ploti ya pili."

"Ghorofa ya tatu. Mlango wa bluu." Mlango huo niliupaka mimi.

"Ah, huyo si Mama Fulani." Akanisahihisha, akataja jina la dada yangu. "Huyo ndiye unamtafuta?"

Nilisema ndiye. Alitoa ufunguo, kisha akasita, kama alivyofundishwa.

"Na wewe ni nani wake?"

Juu, kwenye roshani, kulikuwa na nguo zimeanikwa, na niliisikia sauti ya mama ikimjibu mtu. Ningeweza kusema jina langu. Lingeniletea tu swali jingine.

"Mimi ni wa nyumbani," nikasema, naye akafungua.