Mshumaa wa Kiguu na Njia

Mtaani walimwita Kiguu na Njia, na jina lilimkaa barabara. Mchuuzi wa nguo, mzigo begani tangu alfajiri, huyo mlango hadi mlango. Hata chai huinywa wima. Sasa mtu wa namna hiyo utamweka wapi siku bintiye anapopasuliwa tumbo? Alizunguka ukumbi wa hospitali mpaka muuguzi akamwomba mkewe amwondoe.

"Baba watoto," mkewe akamwambia, "panda kanisani kule kilimani, kwa Bikira Maria. Mwashie mtoto mshumaa. Na usiondoke mpaka uishe wenyewe, umenisikia?"

Mkewe ni mtu wa kanisani, yeye wa msikitini, lakini siku hiyo angetumwa hata mwezini angekwenda.

Kanisa lilifurika mahujaji, hapakuwa na pa kutia unyayo. Kwa heshima zote akavua viatu mlangoni, akavishika mkononi, kofia akaikaza kichwani. Masikini, kumbe kinyume! Bibi mmoja mwenye rozari akamnong'oneza, "Mwanangu, humu tunavua kofia. Viatu vaa, watakuponda vidole." Na wakati huo walikwisha kumponda viwili.

Akawasha mshumaa, akauchomeka kwenye kinara katikati ya mamia, akasimama. Lahaula, kusimama! Nyayo zilimwasha. Umati ulimsukuma huku ukamvuta kule, naye anachungulia juu ya mabega ya watu, roho juu juu. Mshumaa ukizimika, atamwambia nini mama watoto?

Ndipo akatokea sista mmoja mnene na ndoo yake. Kinara kikijaa, kazi yake ni kuchomoa mishumaa iliyofika nusu, kuizima na kuitia ndooni ili wengine wapate nafasi. Fuu! Fuu! Mkono ukaufikia wa kwake.

"Usiuzime!"

Kanisa zima likageuka. Aibu ikampanda hadi masikioni. "Samahani sana, sista. Mwanangu anapasuliwa sasa hivi."

"Maombi yameshafika, baba. Na wenzako nao wanangoja."

"Basi nipe niushike mwenyewe."

Sista akamtazama kidogo, akampa. Kiguu na Njia akajipenyeza hadi kwenye nguzo ya pembeni, akakaa chini sakafuni. Nta ilimchuruzikia vidoleni, ikamuunguza kweli kweli. Alikunja uso, akatulia.

Simu ikatetemeka mfukoni. Akaipokea kwa mkono wa pili.

"Ametoka!" Mkewe alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Amefumbua macho, anamuulizia baba yake. Njoo, njoo mbio!"

Miguu ilikwisha kuinuka yenyewe, alikuwa nusu wima. Akautazama mshumaa: ulibaki kimo cha kidole gumba.

"Mwambie baba anakuja," akasema, akakaa tena. "Bado unawaka."